Jinsi Jemadari Mabano Alivyolikomboa Birika la Mama

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili yanayofanya kazi, na mwenye moja asikae mbali! Aliyeacha kitu motoni akapunguze moto kwanza, maana katika habari hii kuna chombo kitakachoungua, nami sitaki roho za masufuria yenu zije kunidai. Zimeni redio. Mtoeni paka. Nakuja kuwapa historia ya vita ambavyo hakuna mwanachuoni aliyeviandika, kwa sababu wanachuoni hawakualikwa sebuleni kwetu: vita vilivyopiganwa juu ya meza ya chakula, baina ya kabati la vyombo na dirisha lisilofunga sawasawa, na shujaa wake ni kaka yangu wa tumbo moja, Jemadari Mabano, Simba wa Vitufe, Mwenye Vidole Kumi Visivyojua Kuosha Hata Kijiko.

Jina hilo hakulipata bure. Aliwahi kuipoteza Jumapili nzima, tangu chai hadi magharibi, akitafuta bano moja alilosahau kulifunga ndani ya programu yake, na alipolipata alilia kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe. Siku za kazi huchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Ukienda kutaka kijani cha ukuta wa choo, yeye ndiye atakayekuuliza, "Kijani kipi?" mpaka ujute kuwa na choo. Jioni hurudi, hunawa mikono asitakate vizuri, kisha huketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na kuandika. Hakuna aliyemtuma. Wenzake wana mpira, yeye ana programu zake. Ukitazama vitufe utaisoma historia ya kampeni zote: herufi A ina buluu, ile ya E ina krimu ya dari, na kitufe cha kufutia, anachokigusa kuliko vyote, kina rangi za upinde wa mvua mzima.

Na kampeni zenyewe, enyi waungwana, zilikuwa nyingi, na majeruhi wengi. Aliunda programu ya kugawa zamu za kuosha vyombo kwa haki. Haki hiyo ilinichagua mimi Jumatatu, ikanichagua Jumanne, ikapumzika umeme ulipokatika, uliporudi ikanikumbuka. Nilipolalamika aliinua kidole chenye krimu akanena, "Dada, kompyuta haina upendeleo!" Baadaye ikabainika kwamba aliingiza jina langu peke yake kwa majaribio, akasahau kuongeza mengine. Tena akaunda programu ya kumtambua mtu mlangoni kwa kamera na kumpokea kwa adabu. Ikamwamkia paka shikamoo. Baba aliporudi ikamtazama kwa makini, ikatangaza kwa sauti, "Hakuna mtu mlangoni." Baba alisimama pale pale na mkate wake kwapani, akiyatafakari maisha.

Hapa nifunge breki kidogo niwaeleze jambo la ukoo wetu, maana bila hilo mtapotea njiani. Sisi upande wa baba hatuitani kwa majina. Tunaitana kwa mluzi. Ni mluzi mmoja, wa sauti tatu, wa mwisho ukipanda juu na kukatika ghafla, na tumeurithi kama wengine walivyorithi mashamba. Baba akifika getini hupiga huo, nasi hujibu huo huo. Mama peke yake, aliyeolewa akaletwa katika kundi hili la ndege, hajui kupiga mluzi. Akijaribu hutoka upepo na mate, na Baba hujifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Basi chanzo cha vita kilikuwa birika. Mama ana tabia ya kulibandika jikoni na kutoka "mara moja tu" hadi uani, kwenye ua wa matete, ambako upande wa pili husimama jirani yetu Mama Pacha. Birika letu ni la kupiga kelele, lina kifuniko mdomoni kinacholia maji yakichemka. Lakini nani atakisikia? Mama Pacha akicheka, kuku hutaga kabla ya wakati. Birika la kwanza lililia hadi likakauka, likaungua kitako. La pili likafuata nyayo za mwenzake. Siku lile la pili lilipokata roho, Mama aliingia sebuleni amelishika mpini kwa kitambaa, moshi ukimfuata kama msafara wa harusi, akatoa tamko.

"Sikilizeni. Nimenunua jingine, na hili likiungua tutakunywa maji ya bomba mpaka kiama. La pili: shangazi yenu anahamia kwetu Jumamosi. Anakuja na cherehani yake ya mkono, ndiyo riziki yake. Cherehani haiwekwi magotini. Itakaa mezani hapa. Na hilo dude lako, baba, litakwenda stoo."

"Stoo hakuna soketi, Mama."

"Ndiyo maana inaitwa stoo."

Stoo yetu ina magunia, feni iliyovunjika shingo, na mjusi mwenye hati miliki. Kompyuta ikienda huko haitawaka tena, na kampeni zote zitakuwa zimefika mwisho. Hapo Jemadari akasukuma kiti nyuma, akasimama, akaweka mkono kifuani penye doa la rangi ya mlango, na kunena maneno ambayo ningali nayakumbuka:

"Ewe Mama, mwenye nyumba na mwenye amri! Kabla hujaing'oa meza hii chini ya viganja vyangu, nipe muda hadi Jumamosi. Nitakuundia mlinzi asiyelala, asiyesinzia, asiyekwenda kupiga soga uani. Atatega sikio sebuleni hapa, na birika litakapolia naye ataiita simu yako popote ulipo, nawe utakuja, na maji yatapona! Akishindwa, nitaibeba kompyuta yangu kwa mikono hii hii hadi kwa mjusi."

"Asiyekwenda kupiga soga uani, hapo unamsema nani?"

"Nimesema kwa ujumla tu, Mama."

"Haya. Hadi Jumamosi."

Nilimfuata barazani nikiwa na mzaha tayari ulimini. Lakini akaniwahi. "Unajua," akasema huku akijikwangua rangi kwenye kucha, "sijawahi kutengeneza kitu mtu akakitumia bila kunionea huruma. Kimoja tu. Kimoja kingenitosha." Ikanibidi niumeze mzaha wangu, na ulikuwa mzuri kweli.

Vita vikaanza. Jemadari alitwaa kinasa sauti kidogo, akakining'iniza kwenye fremu ya mlango wa jikoni, hatua moja kutoka kitini pake, kwa kamba ya kiatu, akabandika birika, akainama juu ya kompyuta yake. Lilipolia, akainasa sauti ile na kuihifadhi, kisha akaiandikia kompyuta amri ambayo kwa lugha yetu sisi raia ni hii: ukisikia tena sauti kama hii, piga simu ya Mama. Akalibandika upya. Akakaa. Maji yakatokota, birika likapaza sauti, na, laiti mngaliona, simu ya Mama ikaita pindoni mwa kanga! Jemadari akaruka akagonga goti kwenye meza, akacheza kwa mguu mmoja uliobaki mzima.

"Limesikia! Limesikia!"

"Limesikia, nami nimesikia," Mama akasema. "Sasa toa hivyo viatu vyako sebuleni."

Lakini furaha ya asubuhi ina mkwe wake jioni. Kesho yake Mama alikuwa uani, habari tamu imefika pale pa kuinamiana, mara simu ikaita. Akatoka mbio, ndala moja ikabaki uani, na Mama Pacha akazunguka kwa getini na mwiko mkononi kama jeshi la akiba. Wakaingia jikoni kwa kishindo. Birika lilikuwa limetundikwa ukutani, baridi, kavu, halina habari na mtu. Getini alikuwa amesimama Baba, aliyetoka kazini na kupiga mluzi wake kama kawaida.

"Mbona mnanipokea na mwiko?" Baba akauliza.

Jemadari hakutetereka. Akatangaza kwamba kompyuta ina masikio mepesi mno na inadanganywa na miluzi ya ovyo, kwa hiyo kuanzia saa hiyo ni marufuku kupiga mluzi ndani ya nyumba, getini, na uani. Ndiyo hivyo, ndugu zangu: Baba, mtu mzima mwenye mvi, akaanza kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa akifika getini anakusanya midomo, anakumbuka, anaifungua tena, anasema "Hodi" kwa sauti ya mpangaji aliyechelewa. Uso wake ulitia huruma kuliko birika lililoungua.

Ajabu ni kwamba hata baada ya marufuku simu iliendelea kuita. Jemadari ameinama juu ya msimbo wa programu yake, amezama, jiko limezimwa, na Mama anaitwa. "Inajifunza bado," anajibu bila kugeuka. Na kila alipolibandika birika na kukaa kulisubiri, kazi ilikwenda vizuri, simu iliita bila kukosa. Kwa hiyo moyo wake ukatulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kingine ki midomoni.

Ikafika Jumamosi. Alasiri Shangazi akatokea na mkokoteni, na juu ya mkokoteni sanduku la nguo, mto mmoja, na cherehani imefungwa shuka kama mfalme mgonjwa. Mchukuzi akaiteremsha, akaiweka kizingitini, akajifuta jasho.

"Niiingize wapi, mama?"

"Subiri kwanza," Mama akamwambia. "Hapa ndani kuna kesi." Kisha akamgeukia Shangazi. "Wifi, karibu. Kaa hapo uone maajabu, au uone mtu anahamishwa. Moja kati ya hayo."

"Sijawahi kufika mjini nikakosa sinema," Shangazi akasema, akakalia sanduku lake.

Birika jipya likabandikwa, linang'aa kama kipara cha bwana harusi. Mama akatia simu mfukoni na kwenda uani kwa Mama Pacha, ili jaribio lifanywe katika hali halisi ya vita. Jemadari akaketi mbele ya kompyuta. Midomo yake ilikuwa imekauka. Vidole alivipanga mezani kama askari gwaride, wala hakugusa kitufe. Maji yakaanza kuguna. Yakanung'unika. Mvuke ukachungulia, na birika likapiga ukelele uliomwamsha paka chini ya kiti.

Kompyuta ikanyamaza.

"Sikia!" Jemadari akanong'ona. Birika likalia zaidi. "Sikia, ewe mwana wa mikono yangu! Wiki nzima umesikia, leo umezibwa na nini?" Mvuke ukaingia sebuleni, kioo cha kabati kikafanya ukungu, na kutoka uani kicheko cha Mama Pacha kikapaa juu ya ua kama bendera ya adui. Simu haikuita. Ikabidi mimi, askari wa kawaida nisiye na cheo, niende jikoni nizime gesi, maana kuna heshima na kuna kitako cha birika.

Mama aliporudi kwa hiari yake, alikuta tumeinamisha vichwa. Hakufurahi, nasema kweli. Halafu akamwambia mchukuzi kwa sauti ya chini, "Mezani."

"Mama," Jemadari akasema, "niruhusu niisikilize mara ya mwisho ile sauti niliyoifundisha. Nijue tu nimekufa kwa ugonjwa gani."

Akaifungulia spika. Nasi tukasikia, mbali kwa nyuma, kama mtu aliyefungiwa kwenye kabati, birika likilia fiiii. Na mbele yake, karibu, kwa nguvu, kwa kujiamini, mluzi wa sauti tatu, wa mwisho ukipanda juu na kukatika ghafla.

Shangazi alicheka mpaka sanduku likatoa mlio. "Jamani! Birika lenu lina mdomo wa marehemu babu!"

"Nani alikuwa anapiga mluzi?" Jemadari akauliza kwa ukali, akinitazama mimi.

"Wewe."

"Mimi? Mimi sipigi mluzi nikifanya kazi."

"Unapiga!" tukasema wote kwa pamoja, Mama akiwa wa kwanza.

"Tangu unasoma darasa la kwanza, baba," Shangazi akasema akijifuta machozi. "Ukifanya hesabu, mluzi. Ukifunga kamba za viatu, mluzi. Nyani haoni kundule."

"Hata dukani, kaka," mchukuzi akaongeza, cherehani ingali mikononi mwake. "Mimi nabeba saruji pale kwenu. Ukichanganya rangi tunakusikia toka barabarani. Ukinyamaza tu tunajua umekosea."

Hapo pazia likapasuka na nuru ikaingia. Kompyuta haikuwahi kulijua birika hata siku moja! Ilikuwa imemsoma mwalimu wake. Majaribio yote yalifaulu kwa kuwa Jemadari mwenyewe alikaa pale akifikiri, na akifikiri hupiga mluzi, na akipiga mluzi simu inaita. Leo hofu ilimkausha midomo, hakupiga, na mlinzi wake mwaminifu akabaki anamsubiri bwana wake atoe amri, huku birika likilia yatima.

"Nafuta ile, narekodi upya!" Jemadari akapiga kelele. "Mama, nakuomba, birika moja tu!"

"Moja. Mchukuzi, weka chini hiyo, utavunjika mgongo bure."

Birika likarudi motoni. Jemadari akainama juu ya vitufe, akakunja uso, akaanza kuandika, na kabla hata maji hayajapata joto ukatoka mdomoni mwake, mwanana kabisa, mluzi wa sauti tatu. Simu ya Mama ikaita.

"Umeona?" Mama akasema. "Umeona? Huyu hatibiki!"

Saa hiyo hiyo getini pakasikika sauti ya unyonge. "Hodi." Baba akaingia na mkate wake kwapani, akitazama sura moja baada ya nyingine, akitafuta mwiko. Shangazi akainuka kama malkia wa vita, akauchomoa ule mkate kwapani mwa kaka yake, akaupasua vipande.

"Mdomo uliojaa hauna mluzi," akamwambia Jemadari. "Kula, baba. Usitafune. Weka tu."

Akamjaza Jemadari. Akamjaza Baba kabla hajauliza. Akanipa mimi, akajipa mwenyewe, na mchukuzi naye akapokea chake, kwa sababu mtu aliyebeba cherehani mara mbili ana haki zake. Mama peke yake hakupewa. "Huyu hana madhara," Shangazi akasema kwa taabu nyuma ya mkate, na Mama akakubali kwa heshima.

Enyi wasikilizaji, majeshi mengi yamesimama kimya kabla ya mapambano, lakini nani amewahi kuliona jeshi la namna hii? Watu watano wamesimama sebuleni, mashavu yamevimba, macho yametoka, hakuna anayetafuna wala anayethubutu kumtazama mwenzake, kwa maana kicheko kimoja kingetosha kuipaka nyumba mkate. Maji yakaguna. Yakanung'unika. Na birika, kwa mara ya kwanza likirekodiwa, likaimba peke yake. Jemadari akakibonyeza kitufe kwa kidole chenye krimu. Sauti ikanaswa. Machozi yalimtoka, ingawa pengine ni mkate.

Haukupita muda Mama alikuwa uani tena, na birika, limeongezwa maji, liko motoni. Sisi tumemeza, tumeketi. Likalia. Na nyuma ya ua wa matete tukasikia, katikati ya kicheko cha Mama Pacha, simu ikiita, na Mama akisema, "Shoga, ngoja, birika langu linaniita." Akaingia, akazima gesi, akafunua kifuniko. Maji yalikuwa tele, yanachemka kwa furaha.

Jemadari alifungua mdomo kutoa hotuba. Mama akamzuia kwa kiganja. "Bado. Baba yako atabisha hodi kwake mpaka lini?" Akaiweka simu katikati ya meza, mbele yetu sote. "Mume wangu. Piga."

Baba alisimama. Alikuwa ameushikilia tangu mwanzo wa marufuku. Alivuta pumzi, akakusanya midomo, akauachia mluzi wa ukoo wetu, wa sauti tatu, wa mwisho ukapanda juu mpaka glasi zikaitikia kabatini, ukakatika ghafla.

Tukaitazama simu.

Simu ikalala pale kama kipande cha sabuni.

Shangazi ndiye aliyetoa hukumu. Alitoa mfukoni chaki yake ya kushonea, akachora mstari mweupe kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine. "Cherehani huku, dude kule," akasema. "Na ukinipakia rangi kitambaa cha mteja, baba, nitakushona masikio."

Mkataba ukatiwa muhuri kwa kikombe cha chai. Mlinzi wa Birika akathibitishwa kazini, na mchukuzi akaondoka akisimulia. Lakini ushindi wenyewe, enyi mliovumilia, ulikuja baadaye kidogo, na ulikuwa mdogo hivi kwamba mtu asiyeangalia angeupita. Mama alilijaza birika kwa ajili ya chai ya pili, akalibandika, akajifunga kanga, akaelekea uani. Hakumsifu mtu wala kumwambia mtu aangalie moto. Jemadari alipoinuka kumfuata, Mama alimwambia bila kugeuka, "Kaa. Si umesema kuna mlinzi? Mama Pacha hajanimalizia habari."

Akaketi. Na iandikwe, isomwe kwa wajukuu, ichongwe kwenye mlango wa stoo ili hata mjusi aone: siku hiyo Jemadari Mabano aliketi upande wake wa mstari wa chaki, cherehani ikigugumia jirani yake, akaifungua programu yake ya kugawa zamu za vyombo na kuanza, hatimaye, kuongeza majina mengine. Uso ulikunjika. Vidole vikaanza kukimbia. Na midomo yake, bila yeye kujua, ikapiga mluzi, mrefu, wa kuridhika, tena na tena, na uani kicheko kikaendelea wala hakuna simu iliyoita.